Bunduki ya Gemu na Dirisha la Bwana Mgaya

Vijana mnaofufua gemu za zamani, kama mnatafuta mtu wa kuwasifu, hapa mmekosea mlango. Mimi nilizitengeneza hizo gemu zilipokuwa mpya, kwenye kibanda cha ufundi redio pale Dodoma mjini, miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye binamu Dar es Salaam akawa muuza vitu vya nje. Sasa nimestaafu. Mikono inatetemeka, na elimu yangu ya darasa la saba inanifanya niandike polepole kama mtu anayechambua mchele. Lakini nitaandika. Ujanani nilikuwa na haya nyingi mno. Mteja akisema upuuzi, niliinama nikaendelea na bisibisi yangu. Dharau niliyoimeza miaka ile haijaoza. Leo naitema, na aliyekaa karibu atalowa.

Majuzi alinijia kijana mmoja wa Area D. Alikuwa amevaa glavu. Akatoa gemu ya kaseti kwenye sanduku taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mchanga kwenye beseni.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Mgonjwa ni nani, wewe au hilo?"

"Hapana babu, hii imeshapona. Nimeifufua yote. Nimeiondolea umanjano kwa dawa ya nywele, ile ya kuzipausha, nikaianika juani. Tazama ilivyo nyeupe. Imebaki bunduki yake tu ya kulengea TV, haipigi."

Nikamuuliza kama ameshaicheza. Akasema bado, kwanza ameipiga picha. Nikamuuliza anatumia TV gani. Akasema bapa, kubwa, imejaa ukuta mzima. Nilicheka mpaka mjukuu wangu akaleta maji.

Nilimwambia hivi: bunduki ile haitapiga kwenye TV bapa hata ukiisomea dua. Inataka TV ya chogo, ile nene mgongoni. Akasema TV za chogo ni takataka, mama yake alishatupa yao. Basi, nikamwambia, mama yako ametupa nusu ya gemu yako, na wewe umebaki na nusu nyingine unaipaka dawa ya nywele. Plastiki kuwa ya njano si ugonjwa. Ni umri. Ungeiacha ikae na umri wake, ukaitafutia TV ya chogo, ndiyo macho yake.

Kijana akaondoka amenuna. Ndipo nikaona heri niandike, maana mkiwa mnasoma hamwezi kunikatiza.

Jambo la kwanza: acheni kupuliza. Sijui nani aliwafundisha watoto wa Tanzania nzima kwamba kaseti isiposoma unaitoa, unaipuliza kama filimbi, unairudisha. Ikisoma unasema pumzi yako imefanya kazi. Pumzi haijafanya kazi yoyote, ni vile umeitoa na kuirudisha. Ulichoacha mle ndani ni mate. Sasa vumbi la Dodoma mnalijua. Likikutana na mate linakuwa udongo wa kujengea tembe. Nimewahi kufungua kaseti ambazo ungeweza kuhamia na familia.

Njia ni hii. Chukua ufutio wa penseli, ule mweupe laini, siyo ule wa kufutia wino unaokwangua kama msasa. Sugua yale meno ya shaba ya kaseti upande mmoja tu wa mwendo, usiende na kurudi. Halafu pamba na spiriti. Halafu subiri ikauke. Hapo pa kusubiri ndipo mnaposhindwa nyote.

Fundi wangu, Salehe, aliijua hiyo njia kabla yangu. Alikuwa mtu wa Kondoa, na mimi nilitoka Busi, hukohuko Kondoa, ndiyo maana alinichukua. Nisingepata kazi kwa mdomo wangu, kwa sababu sikuwa na mdomo. Fundi Salehe hakuwahi kunisifu. Kazi yangu ikiwa nzuri alisema "imepona kwa bahati." Ikiwa mbaya alisema "umejifunza?" halafu akanyamaza kutwa nzima ili swali liingie.

Siku moja spiriti iliisha, akanituma dukani kwa muuza dawa. Mnajua walionunua spiriti miaka ile walikuwa akina nani? Walevi waliokosa pombe. Nikafika dukani, nikawakuta akina mama wawili wa kanisani, wanamjua shangazi yangu. Haya ikanishika. Ningesemaje mbele yao, "nipe spiriti"? Nikatoka kama niliyesahau kitu. Njiani nikapita kwa mzee aliyekamua zabibu zake nyumbani, nikawaza, divai si ina kileo? Kileo si kileo? Nikamwomba kidogo ya kusafishia, nikarudi, nikasafisha gemu ya watu kwa divai ya Dodoma.

Ilisoma vizuri sana. Ilisoma jioni ile, na asubuhi yake ilikuwa imejaa sisimizi. Walikuwa wameingia kwa kila tundu, wamepanga foleni mpaka kwenye meno, maana sukari ya zabibu ilikaukia mle. Fundi Salehe, mtu wa swala tano, akainama akanusa ile gemu. Akaninusa na mimi. Akasogea nyuma.

"Umejifunza?"

Alisema hilo tu mpaka tulipofunga. Mimi nilikaa nikitoa sisimizi kwa kibano cha nyusi. Kwa hiyo mkiniona nawacheka kwa dawa ya nywele, jueni nacheka kama mtu aliyetoka kwenye shimo hilohilo.

Jambo la pili ni adapta. Usichomeke adapta kwa kuwa tundu limekubali. Tundu hukubali chochote, kama mtu mwenye njaa. Hizi gemu za kaseti nyingi hutaka hasi katikati na chanya pembeni, kinyume cha redio. Geuza, utasikia harufu, na hiyo harufu ndiyo pesa ya baba yako. Soma kimchoro kidogo kilichochapwa karibu na tundu. Mtu anayenunua kitu cha kumwezesha kukaa mbele ya TV siku nzima hana nafasi ya kusoma kimchoro kimoja? Na umeme wa mji wetu ulikuwa unapanda na kushuka kama mgonjwa wa homa, kwa hiyo tulikuwa na stebulaiza la kutuliza umeme, linaguna kama paka lakini limeokoa gemu nyingi kuliko mafundi wote wa soko.

Jambo la tatu, vikorombwezo. Mnavitafuta siku hizi kwa bei za kutisha, mnaviweka kwenye rafu. Kulikuwa na daraja la kuvalisha kaseti ya umbo hili kwenye gemu ya umbo lile, lilikuwa linalegea na kuzima gemu mtu akikohoa. Kulikuwa na kaseti zilizoandikwa kwamba zina gemu mia tisa na tisini na tisa, nazo zilikuwa tano. Zilizobaki ni zilezile zimebadilishwa rangi ya suruali. Watu wazima walinunua, wakazisifu, na kila aliyebonyeza akigundua ukweli alikaa kimya ili na mwenzake anunue.

Na kulikuwa na kibodi. Kibodi ndiyo iliyonifanya nipoteze heshima kwa wazazi. Gemu yenye kibodi iliuzwa sokoni kwa jina la kompyuta. Baba anakuja amevaa suti ya ofisini, anasema kwa sauti ili jirani asikie: "Fundi, nimemnunulia mwanangu kompyuta. Nataka aanze na hesabu." Unaiwasha, inatoka picha ya mtu anaruka juu ya kasa. Baba anauliza hesabu ziko wapi. Mtoto ananikazia macho, yananiomba nisiseme. Nami sikusema, kwa haya tu. Mtoto yule aliendelea kusoma hesabu za kasa mpaka matokeo yakatoka.

Sasa nifike kwenye bunduki, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Kulikuwa na karani mmoja wa serikali akiitwa Bwana Mgaya, mtu wa Njombe, aliyepunguzwa kazini wakati ule ofisi zilipokuwa zinapunguza watu. Wenzake wakachukua kiinua mgongo chao wakarudi kwao kulima. Mgaya akasema yeye hawezi kurudi kijijini mikono mitupu mbele ya ndugu ambao miaka yote amekuwa akiwaandikia barua kama bosi. Akanunua TV ya chogo, gemu ya kaseti, pedi mbili za kuchezea, na bunduki ya plastiki ya rangi ya chungwa. Kiinua mgongo kikaishia hapo. Akapanga chumba ng'ambo ya Area D, pale nyumba za mpango zilipokoma na za udongo zikaanza. Mlangoni akaandika kwa rangi: HAPA BUNDUKI IPO.

Alijua anachofanya, kwa hilo tu nampa. Karibu na soko kulikuwa na chumba kingine cha gemu chenye TV mbili na kaseti nyingi. Bunduki hawakuwa nayo. Mtoto wa Dodoma angetembea jua lote hilo kwa ajili ya kulenga ndege wanaoruka kutoka kwenye nyasi na kuwaangusha. Bunduki ikifanya kazi, Mgaya anakula. Isipofanya, anapanda basi la Njombe na mke na watoto na sanduku moja.

Kabla hajafungua, balozi wa nyumba kumi akaja kukagua. Balozi alikuwa mama mtu mzima, Mgogo wa hapohapo, Mama Ndahani. Mwili wake ulikuwa mpana, na sauti pana zaidi. Alishasikia habari za vyumba vya video: giza, bangi, picha za aibu. Akatoa masharti yake amesimama mlangoni.

"Dirisha liwe wazi muda wote. Pazia sitaki kuliona. TV iwekwe ielekee dirishani, nikipita njiani nione wanachotazama. Jua likianza kuzama, watoto wa watu waende makwao, unafunga."

"Sawa kabisa, Mama Balozi," Mgaya akasema. "Utaratibu mzuri sana."

Mgaya alipenda utaratibu. Akaweka TV ukutani kuelekea dirisha, na dirisha lilikuwa kubwa, linatazama magharibi. Watoto walikuja baada ya shule, mchana ule jua linaingia ndani kama mgeni asiyepiga hodi. Wakashika bunduki. Wakafyatua. Hakuna kitu. Ndege wanapita, mbwa wa kwenye TV anawacheka. Watoto wakadai hela zao, wakaenda sokoni.

Mgaya akaipeleka bunduki kwa fundi wa kwanza. Akaambiwa waya umekatika. Fundi wa pili akasema jicho limekufa. Wa tatu akasema ni ya bandia, akamuuzia nyingine, ya bandia zaidi. Ndipo akaja kwetu, ameifunga kwenye gazeti.

"Fundi, naomba maelezo ya kina kuhusu kifaa hiki."

Fundi Salehe akanisukumia mimi. Nikaifungua. Ndani ya bunduki ya gemu hamna mengi, nanyi mkifungua msitegemee maajabu. Kuna kioo kidogo cha kukuza mbele, kama cha tochi, halafu nyuma yake jicho dogo linalohisi mwanga, na waya wa kwenda kwenye gemu. Nilifuta kioo. Nikabadilisha jicho kwa kuwa lilikuwa limeshachokonolewa na wenzangu. Nikalehemu waya upya. Nikaijaribu kwenye chumba chetu cha nyuma, tulichojaza redio mbovu mpaka dari, hakina hata tundu la panya. Ndege wakaanguka kama maembe.

"Imepona kwa bahati," akasema fundi Salehe.

Mgaya akafurahi, akaenda. Kesho yake akarudi amekunja uso. Haipigi. Tukaijaribu kwetu, inapiga. Akaenda nayo, akarudi nayo. Inapiga kwetu, haipigi kwake.

"Inapona kwako, inaugua kwangu," akaniambia, ananinyooshea kidole. "Wewe kijana, unaitengeneza mpaka nusu ili nirudi?"

Nikainama. Nilikuwa na hasira. Fundi Salehe akasema, "Nenda naye. Ukitazama mgonjwa hospitali tu, hujui anakolala."

Nikaenda. Na vijana, hili lishikeni kuliko ufutio na spiriti: kitu kikiharibika nyumbani, kitengeneze nyumbani. Nilikaa kwenye benchi la Mgaya na watoto wachache waliobaki waaminifu, wengi wao kwa sababu walikuwa wadogo mno kutembea mpaka sokoni. Nikafyatua. Hakuna. Nikabadilisha pedi, nikabadilisha kaseti, nikapiga magoti, nikasogea. Hakuna.

Mara Mama Ndahani akapita kwenye ukaguzi wake. Akaja dirishani, akasimama, mikono kiunoni, anatazama TV.

Mtoto akafyatua. Ndege akaanguka.

"Imepiga!" Watoto wakaruka. Akafyatua tena. Akaanguka mwingine. Mama Ndahani akaguna, akaenda zake. Mtoto akafyatua. Hakuna kitu.

Mnadhani walisema nini? Mnadhani hata mmoja alitazama dirisha? Mtoto mmoja akakimbia nje. "Mama Balozi, shikamoo! Hebu rudi usimame tena!" Mama akarudi kuona kuna nini. Bunduki ikapiga. Akaondoka, ikanyamaza. Mgaya, mtu aliyekuwa anaandika ripoti za serikali, akanivuta pembeni, jasho linamtoka.

"Umeona mwenyewe. Yule mama ameifunga bunduki yangu. Akitaka anaifungua, akitaka anaifunga. Na sasa amekuja kunionyesha kwa macho."

"Bwana Mgaya..."

"Usiniambie Bwana Mgaya. Nitakwenda kumwambia mbele za watu. Nitasema yote."

Hapo niliogopa kweli. Neno la uchawi, ukilitupa mtaani kwa mama mtu mzima, huwezi kulifuata na kulirudisha. Watu wamefukuzwa kwao kwa neno hilo, na wengine walipata mabaya zaidi. Na mtu wa Njombe asiye na ndugu pale, akimtamkia balozi, yeye ndiye angetangulia kupanda basi. Nikafumba macho nifikiri. Nilipoyafumbua nikaona ukutani, juu ya TV, mraba wa jua. Nikakumbuka kwamba mama aliposimama, ule mraba ulikuwa umepotea.

Bunduki ile haitoi kitu, vijana. Inapokea. Ukivuta kifyatuo, kioo cha TV kinakuwa cheusi chote, haraka kuliko jicho lako, halafu pale alipo ndege panawaka peupe. Jicho la bunduki likiona giza kisha mwanga, gemu inasema umepata. Likiona mwanga wakati ilipaswa kuwa giza, inajua unaidanganya, inakukatalia. Jua la Mgaya lilikuwa linagonga kioo cha TV na kurudi kwenye bunduki. Mama Ndahani hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa na kivuli, kingi. Na TV zenu bapa zinakataa kwa sababu iliyo jirani na hiyo: zinachelewa kuonyesha. Gemu inapouliza "yuko wapi?", TV bapa bado inavaa viatu.

Nilimweleza Mgaya kwa kigugumizi. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Bunduki inaogopa jua? Ni popo?"

Lakini mtu aliyekwama hujaribu. Kufunga ubao wa dirisha tuliogopa, masharti ni masharti, tukatundika gunia. Bunduki ikapiga, watoto wakapiga kelele, habari zikafika sokoni kabla ya sisi kunywa maji. Na zikafika kwa Mama Ndahani. Alikuja akalichana lile gunia kwa mkono mmoja.

"Giza la nini mchana kweupe? Nilisema nini mimi? Watoto wa watu mmewafungia kama mbuzi!"

"Mama, ni mwanga, fundi anasema jicho la..." Mgaya akaanza.

"Fundi yupi? Huyu?"

Akanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Maneno yote niliyokuwa nayo yakarudi Busi.

"Kesho nakuja na wazee," akasema. "Tunapafunga hapa. Utaeleza mbele yao."

Kesho yake akaja kweli, na wazee wawili na kufuli. Mgaya alikuwa amevaa suti yake ya zamani, mke wake amesimama nyuma na mtoto mgongoni. Nami nilikuwepo kwa sababu fundi Salehe alinifukuza kibandani niende. Dirisha lilikuwa wazi lote. Jua lilikuwa limejaa chumbani.

Mzee mmoja, mtu wa haki, akasema: "Kabla hatujafunga, tuone kwanza wanachezea nini humu."

Mgaya akawasha. Nyasi zikatokea, ndege wakaruka kutoka ndani yake kwa kishindo. Mama Ndahani akasogea.

"Hao ndege gani?"

"Mabata, mama," akasema mtoto mmoja.

"Wanakula shamba la nani?"

Watoto wakaangaliana. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. "Hamna shamba, bibi. Wanaruka tu."

"Ndege hawaruki tu. Ukiona wameruka hivyo, wameshakula." Akaketi kwenye benchi, likalia. "Lete hicho."

Mliokulia Ugogo mnajua. Mtama ukianza kutoa suke, kwelea huja kama wingu, na aliyekulia mashambani amekulia juu ya kichanja na kombeo mkononi, kuanzia alfajiri mpaka jioni, akipiga kelele. Nyinyi wa leo kwelea mmemwona kwenye habari. Mama Ndahani akaishika bunduki mbali na mwili, kama jiko la mkaa linalowaka, akalenga, akafyatua. Mbwa akatokea, akamcheka.

Watoto wakaziba midomo, lakini kicheko kikapita puani.

"Anamcheka nani huyu mbwa?"

"Wewe, bibi. Umekosa."

"Nimekosa? Mimi? Nimelinda mtama kabla mama yako hajazaliwa!" Akafyatua tena, na tena. Mbwa akacheka, akacheka. "Bunduki hii mbovu!"

"Ndivyo tunavyosema sote, mama," akasema Mgaya, akameza mate.

Mzee mwenye kufuli akakohoa. "Mama Balozi, tufunge twende."

"Ngoja kwanza." Akainama mbele, macho kwenye kioo cha TV. Akakaa hivyo. Nami nikainama nyuma yake nione anachokiona. Kiooni hakukuwa na nyasi wala ndege. Kulikuwa na kilemba chake chekundu, mabega yake, na nyuma yake dirisha lote na barabara na mbuzi wa watu wakipita. Jua lilikuwa limegeuza TV kuwa kioo cha kujitazamia.

"Ahaa," akasema. "Ndege gani atakaa akikutazama hivi? Wananiona!"

Akainuka. Mgaya akajibana ukutani ili apite. Mke wake akamshika mtoto vizuri mgongoni. Mama Ndahani akafika dirishani, akavuta ule ubao, akaufunga, akatia komeo. Giza likaingia, ikabaki rangi ya TV kwenye nyuso zetu. Akarudi benchini kwa kunyata, mwili wote ule, akatugeukia sisi sote, wazee, watoto, mimi na kufuli lao, akaweka kidole mdomoni.

"Asitikisike mtu."

Akalenga. Akafyatua. Ndege akaanguka. Akafyatua, mwingine akaanguka, na mbwa akatokea amewashika ndege shingo, hacheki.

Watoto walilipuka. Mmoja wa wazee, bila kujua, alikuwa ameshakaa kwenye benchi. Mgaya akafuta uso kwa mkono wa suti, akajikaza, akatoa sauti yake ile ya dirisha la ofisini:

"Haya, anayefuata."

"Anayefuata nani?" akasema Mama Ndahani bila kugeuka. "Hujaona bado wako wengi?"